Jina Moja, Vitu Viwili: Namna ya Kuingiza Maktaba za Python bila Kugombanisha Majina



Wengi wenu munakumbuka ile liste ya matokeo ya klasi ya tano, yenye ilibandikwa ku ukuta karibu na biro kisha mitihani ya semestre ya kwanza. Ilikaa pale tangu asubuhi paka saa saba hivi, kiisha ikaondolewa. Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema ordinatere ilikuwa na virusi. Wengine wanasema mutu aliingia usiku ku mashini akachezea points. Tena kuna wengine, hatutaje majina, wanasema walimu walitaka kuangusha klasi ya tano kwa makusudi. Hapana. Kosa lilikuwa letu sisi wa klasi ya sita, na zaidi sisi kapita, kwa sababu mukono wetu njo uliandika ile mistari miwili. Mwalimu wetu wa enformatike ametuomba tufasirie jambo hili katika gazeti letu, kusudi kila mutu ajue namna lilivyokuwa, na kusudi wale wenye wanaanza Python mwaka huu wasianguke katika shimo lile lile.

Tuseme kwanza yaliyotokea. Kila klasi ya juu ilikuwa imeandika faili yake ya kuhesabia points, kwa mazoezi. Faili ya klasi ya tano iliitwa klasi_tano.py, na ndani yake mulikuwa mistari hii:

    maksima = 400

    def asilimia(points):
        return points * 100 / maksima

Maksima yao ya semestre ni 400. Yetu sisi wa sita ni 500. Basi faili yetu, klasi_sita.py, ilikuwa sawa na yao neno kwa neno, ila hesabu moja tu:

    maksima = 500

    def asilimia(points):
        return points * 100 / maksima

Hakuna ubaya hapo. Kila klasi ilitumika peke yake, na kila faili ilikuwa nzuri. Kisha sisi tukaandika faili ya tatu, matokeo.py, ya kuunganisha zile mbili na kutosha liste za klasi zote kwa mara moja. Juu kabisa tukaweka hivi:

    from klasi_tano import *
    from klasi_sita import *

Ile nyota maana yake ni "leta vyote". Tulipenda nyota kwa sababu inapunguza kazi ya kuandika. Tukajaribu na points za klasi yetu, tukaangalia na kalkilatrise, kila asilimia ilikuwa sawa. Tukafurahi. Grupe ilikuwa karibu kuzimwa, na mutu wa grupe hangojee. Tukatosha liste zote mbili bila kuangalia ile ya pili.

Angalieni sasa. Mwanafunzi wa tano mwenye amepata points 220 juu ya 400 ana 55%. Liste yetu ilimupa 44%. Kila mutu wa klasi ya tano mwenye points zake zilikuwa kati ya 200 na 249 alionekana ameanguka, na kumbe hakuanguka. Walikuwa 9. Mumoja wao ni dada yetu ambaye baba yake alifika asubuhi ile ile na baiskeli, akitoka mbali, kulipa kipande cha minervale kilichobaki. Alisoma 44. Hakugombana na mutu, hakuuliza kitu. Akakunja makuta yake, akayarudisha mufukoni, akageuza baiskeli. Mwalimu alipopata habari alituma motari amufuate njiani, akamukuta amekwisha kuvuka daraja.

Matokeo ya kweli ni yale walimu wanahesabu wenyewe na kuandika katika bulletini, kwa hiyo hakuna points zilizopotea. Lakini yule muzee hakujua vile. Yeye aliona karatasi ku ukuta wa shule, yenye jina la mutoto wake.

Sasa, namna gani hesabu iliharibika, na faili zote mbili zilikuwa nzuri? Wenzetu wengi wanafikiri Python inafanya sawa mwalimu akiita "Amani!" katika klasi yenye Amani wawili: wote wawili wanasimama, mwalimu anauliza "Amani gani?", wanacheka, inakwisha. Python haifanye vile. Iko na kaye ya majina, na katika kaye ile jina moja lina fasi moja tu. Ukiandika mustari wa kwanza, Python inachukua jina asilimia na kuandika pembeni yake: "ni fonksioni ya klasi ya tano". Ukiandika mustari wa pili, inakuta jina asilimia limekwisha kuwa pale. Haiulize. Inafuta maneno ya zamani na kuandika: "ni fonksioni ya klasi ya sita". Amani wa kwanza hajafa, angali katika faili yake, lakini ndani ya matokeo.py hakuna tena mutu mwenye anaweza kumuita. Na ubaya mukubwa ni huu: Python haikutoa ata neno moja la kutuonya. Kwa yenyewe hakuna kosa. Kubadilisha jina lionyeshe kitu kingine ni haki ya mwenye kuandika, njo namna tunafanya kila siku tukiandika x = 1 na kisha x = 2.

Hapa tunaomba ruhusa tueleze kitu ambacho kilitusumbua usiku wa kufuata, kwa sababu hatukukisoma katika kaye ya enformatike. Tulipoona kosa, tulifikiri tutaliponya upesi. Chini ya zile nyota mbili tukaongeza:

    maksima = 400
    print(asilimia(220))

Mashini ikajibu 44.0. Tukaandika tena, tukazima mashini, tukawasha: 44.0. Rafiki yetu mumoja akasema labda memori imeharibika. Kumbe fonksioni, popote inapopelekwa, inatafuta majina yake katika faili ambamo ilizaliwa. asilimia tuliyokuwa nayo ilizaliwa katika klasi_sita.py, basi ilipotaka maksima ilirudia kule kwao, ikakuta 500. Ile maksima = 400 tuliyoandika ilikuwa ya matokeo.py peke yake, na hakuna mutu aliyeiuliza. Nyota haihamishe nyumba. Inaleta majina tu, na kila fonksioni inabakia na kwao.

Dawa ni nyepesi sana, na ilituletea haya kidogo kuona wepesi wake:

    import klasi_tano
    import klasi_sita

    print(klasi_tano.asilimia(220))
    print(klasi_sita.asilimia(220))

Mashini inajibu 55.0, kisha 44.0, na yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa klasi yake. Ukiandika import klasi_tano bila nyota, katika kaye ya faili yako jina moja tu njo linaingia: klasi_tano. Vitu vingine vyote vinabakia ndani ya nyumba ile, na unaviita kupitia mulango, ni kusema ile nukta. Ata kama maktaba mia zina fonksioni yenye jina asilimia, hazigombane, kwa sababu hakuna moja inayotoka inje bila jina la nyumba yake.

Wale wenye wanasema namna hii ni ndefu wakumbuke inchi yetu. Mwaka 1960 sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni, na jirani zetu wa ngambo ya muto tarehe 15 Agosti, na inchi zote mbili zikajiita Republika ya Kongo. Jina moja, serikali mbili. Watu hawakungoja: waliongeza jina la muji mukubwa, wakasema Kongo-Léopoldville na Kongo-Brazzaville, barua zikafika. Léopoldville ikawa Kinshasa mwaka 1966, inchi ikawa Zaïre mwaka 1971, ikarudilia jina la Kongo mwaka 1997, na siku ile ile watu wakaanza tena kusema Kongo-Kinshasa na Kongo-Brazzaville. Hakuna aliyelalamika kwamba ni ndefu. Na sisi wenyewe katika vitambulisho tuko na jina, postnome na prenome, kwa sababu Baraka peke yake haitoshe katika shule yenye Baraka saba.

Lakini kama jina la nyumba ni refu kabisa, Python inaruhusu kulifupisha kwa neno as:

    import klasi_tano as k5
    import klasi_sita as k6

Kisha unaandika k5.asilimia(220). Wenye kutumia maktaba ya hesabu inayoitwa numpy wanaandika import numpy as np, dunia nzima, paka imekuwa sawa desturi. Tunashauri mufuate desturi kama iko, kwa sababu mutu mwingine akisoma faili yako na akaona np anajua mara moja. Msibuni vifupi vya ajabu. Mwenzetu mumoja aliandika import random as r na import re as r katika faili moja, akarudia palepale tulipotoka.

Tena kuna njia ya katikati, kuleta jina moja tu ambalo unalihitaji:

    from math import sqrt

Hii ni nzuri kuliko nyota, sababu mutu anayesoma anaona wazi sqrt ilitoka wapi. Lakini isiwapumbaze: jina linaingia katika kaye yako uchi, bila nyumba, na linaweza kufutwa sawa lingine. Katika Python kuna maktaba math ya hesabu za kawaida, na kuna cmath ya hesabu za namba komplekse, ile tunasoma katika seksio ya Math-Fizike. Zote mbili ziko na sqrt. Ukiandika from math import sqrt na chini yake from cmath import sqrt, ya pili inashinda, na sqrt(16) haitoe tena 4.0, inatoa (4+0j). Ukiuliza kama ile ni kubwa kuliko 3, mashini inakataa kwa Kiingereza:

    TypeError: '>' not supported between instances of 'complex' and 'int'

Ni kusema: namba komplekse haina mukubwa na mudogo, kama mwalimu wetu wa hesabu anavyotukumbusha. Ukitaka zote mbili, uzipe majina mbalimbali wakati wa kuingia: from cmath import sqrt as sqrt_k. Ao uandike tu import math na import cmath, ukalala usingizi.

Kosa lenye kelele ni rafiki. Adui ni lile lenye kunyamaza. Katika math kuna pia jina fupi e, ile namba 2,718 ya logaritme. Mwanafunzi mumoja wa fizike alikuwa na faili yake fizike.py, na ndani yake e = 1.602e-19, sharji ya elektroni kwa kulombe. Akaweka juu ya faili from math import * na chini yake from fizike import *. Kisha akahesabu e ** 2, akingojea 7,389. Mashini ikamupa namba yenye zero nyingi mbele yake, karibu 2,57 mara kumi na eksponenti -38. Haikulalamika. Kama ingekuwa ndani ya hesabu ndefu, nani angeona?

Sasa tuje kwa majina yenye yamo katika Python bila kuingiza kitu, kama print, open, sum, max, min, list. Haya hayafungwe. Unaweza kuyafuta bila kujua, na katika shule yetu lile linalofutwa zaidi ni max. Sababu iko wazi: katika bulletini (tunasema ile ya points, si gazeti hili; angalieni, ata hapa jina moja lina vitu viwili) kunaandikwa MAX juu ya kila koma. Basi mwanafunzi anaandika max = 400 bila mawazo mabaya. Mistari ishirini chini anataka kujua nani amepata points nyingi, anaandika max(points), na mashini inajibu:

    TypeError: 'int' object is not callable

Inataka kusema: hii max yako ni namba 400, namna gani unaiita sawa fonksioni? Python ikitafuta jina, inaanza ndani ya fonksioni ambamo iko, kisha katika fonksioni inayoizunguka kama ipo, kisha katika faili nzima, na mwisho kabisa katika majina yake ya kuzaliwa. Inasimama pale inapopata kwanza. Ikikuta max yako katika faili, haifike kwa ile ya kuzaliwa. Lakini ile haijapotea: andika del max, yako inaondoka, na ya kuzaliwa inaonekana tena.

Hapa sisi wenye kusema Kiswahili tuko na bahati moja. Python ilianza Uholanzi, ku Amsterdam: Guido van Rossum aliianza mwezi wa Desemba 1989 na kuitoa kwa watu Februari 1991. (Jina lake, kwa wale wenye waliuliza, halitoke kwa nyoka. Lilitoka kwa kundi la wachekeshaji wa televizio ya Uingereza, Monty Python.) Kule hakuna aliyefikiri kuita fonksioni jumla ao wastani ao kubwa_kuliko. Ukiita vitu vyako kwa Kiswahili, nusu ya magomvi haya yanakwisha mbele ya kuanza. Kifaransa kinasaidia kidogo tu, sababu max na min ni vile vile, na liste na list wanaachana kwa herufi moja, na mukono ukichoka ile herufi inabakia njiani.

Nyota inaweza pia kufuta majina ya kuzaliwa bila wewe kuandika kitu. Maktaba os, ile ya kutumika na mafaili na madosie, iko na open yake, tofauti kabisa na ile ya kila siku. Ukiweka from os import * kisha ukajaribu open("points.txt"), utasoma:

    TypeError: open() missing required argument 'flags' (pos 2)

Utatafuta kosa katika points.txt siku nzima. Kosa liko mustari wa kwanza.

Kuhusu tarehe tutasema kwa ufupi. Iko moduli inayoitwa datetime, na ndani yake kuna kitu kinachoitwa pia datetime. Baba na mutoto jina moja, kama kwetu. Ukiandika import datetime, utaita datetime.datetime.now(). Ukiandika from datetime import datetime, utaita datetime.now(). Usichanganye mbili katika faili moja, na ukikopia mistari kutoka kaye ya mwenzako angalia kwanza juu ya faili yake aliingiza namna gani.

Tunabakia na kosa la klasi ya tatu, na hili ni la jina la faili yenyewe. Walitaka kupiga kura nani atafagia na nani ataenda kuchota maji. Wakafanya faili, wakaiita random.py, kwa sababu inatumia random. Ndani:

    import random
    print(random.randint(1, 30))

Ikaanguka. Wakatuita. Tulisoma mara tatu bila kuona kitu, na mistari yao ilikuwa mizuri kabisa. Siri ni hii: unapoanzisha faili, Python inatafuta maktaba kwanza katika dosie ya faili ile, mbele ya kwenda katika maktaba zake yenyewe. Ikaona random.py pale pale, ikafikiri imepata. Ni kusema faili ilijiingiza yenyewe, na ndani yake hamuna randint. Python za tangu 3.8 zinasema moduli haijamaliza kuanzishwa, na zinafikiri kuna kuzunguka kwa import. Python 3.13, yenye ilitoka Oktoba 2024, ina huruma zaidi: inakuambia wazi ubadilishe jina la faili yako kwa sababu linafanana na la maktaba. Mashini zetu nyingi ni za zamani, hazina huruma ile. Wakaita faili kura_ya_kazi.py, ikatembea, na kura ya kwanza ikaangukia sisi kapita. Hatukukataa.

Musiite basi faili zenu random.py, turtle.py, string.py, email.py, calendar.py, statistics.py. Jina la Kiswahili tena linaokoa.

Kama mumekwisha kuanguka katika mambo haya na hamujue jina limetoka wapi, muulize Python yenyewe. Fonksioni inajua kwao:

    print(asilimia.__module__)

Siku ile ingetujibu klasi_sita, na baba wa dada yetu hangevuka daraja. Kwa maktaba iliyoandikwa katika faili, print(random.__file__) inaonyesha njia ya faili iliyoingizwa. Ukiona ni dosie yako mwenyewe, umepata mwizi.

Hatusemi nyota ni zambi. Wale wenye wanachora na turtle, faili ya mistari kumi, maktaba moja tu, waandike from turtle import * kama buku linavyowafundisha, ingawa wajue kwamba nyota ile inaleta majina mengi ya kawaida sana, left, up, down, clear, color, na wasiyatumie kwa vitu vyao. Lakini pale maktaba zinapokuwa mbili, nyota iondoke. Ata wakubwa wa Python, katika karatasi yao ya mapashano inayoitwa PEP 8, iliyoanza mwaka 2001, wanashauri kuepuka nyota, na kuweka import zote juu ya faili: kwanza maktaba za Python, kisha zile za watu wengine, kisha zako. Kwa kupanga vile, majina yanayogombana yanaonekana karibu-karibu. Na ukiandika faili ambayo wengine wataiingiza, unaweza kufunga milango mapema: jina linaloanza na mustari wa chini, kama _maksima, nyota hailichukue, na ukiweka liste ya __all__, nyota inachukua yale tu umetaja.

Faili matokeo.py imekwisha kurekebishwa. Tuliandika upya pamoja na kapita wa klasi ya tano, yeye anasoma, sisi tunaandika, na tuliangalia klasi zote mbili na kalkilatrise, jina kwa jina, wale 9 mara mbili. Liste ya kweli ilibandikwa siku ya kufuata. Yule muzee alirudi na baiskeli kisha juma moja, akasoma 55, akalipa. Tulikuwa pale, tukamuomba musamaha. Alituuliza swali moja tu: kama ile mashini ilijua majina ya watoto wote, namna gani haikujua ya klasi? Tulijaribu kumufasiria mambo ya kaye na fasi moja. Alisikiliza paka mwisho, akasema basi mushike kalamu kwanza.

Faili ya klasi ya ine ya kuhesabu laboratware ingali na nyota tatu, na ile ya biblioteke ya shule ingali na mbili. Wenye waliziandika waje Siku ya Tatu saa grupe inawaka, na kaye zao, tuziondoe pamoja mbele ya semestre ya pili.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya sita